HEI YA HANDENI NA KOROGWE: UFUNGAJI WA MAROBOTA NA LISHE YA NG'OMBE WA NYAMA

Sehemu ya nyama ya ng'ombe inayoliwa Unguja na Pemba hutokana na mifugo inayovushwa kutoka Tanzania Bara, na Mkoa wa Tanga, ulio mkabala na Pemba, ni miongoni mwa milango ya biashara hiyo. Mwananchi anayesimama mbele ya bucha, hasa siku chache kabla ya Idd el Hajj, huuliza bei ya kilo. Ni nadra kuuliza ng'ombe yule alikula nini katika miezi mitatu ya mwisho ya uhai wake. Hata hivyo jawabu la suala hili la pili ndilo linaloamua lile la kwanza, kwa sababu ng'ombe aliyekonda kiangazini hufika mnadani akiwa na mifupa mingi na nyama kidogo, ilhali gharama ya kumsafirisha na kumvusha bahari hubaki ile ile.

Makala haya yanaeleza namna majani makavu yanavyofungwa marobota, kwa kuzingatia hali ya Wilaya za Handeni na Korogwe, na jinsi ufungaji huo unavyopunguza au kuongeza kile kinachofika mdomoni mwa ng'ombe. Wafugaji wa visiwani wanaofunga ng'ombe wao kwa kamba shambani, na wale wanaonunua hei kutoka bara, watakuta humu mambo yanayowahusu moja kwa moja.

NCHI NA MAJIRA YAKE

Handeni ni nchi ya Wazigua, yenye vichaka, mbuga na vilima vya mawe, na ng'ombe wake wengi ni zebu wa pembe fupi wanaofugwa na Wazigua wenyewe pamoja na Wamasai. Katika eneo hilo ipo Ranchi ya Mzeri, moja ya ranchi za Kampuni ya Ranchi za Taifa (NARCO) iliyoanzishwa mwaka 1968. Wasomaji wasiichanganye Mkata ya Handeni, penye njia panda ya barabara kuu, na Ranchi ya Mkata iliyoko Kilosa, mkoani Morogoro. Tangu mwezi Juni 2022 kijiji cha Msomera, ambacho pia kiko Handeni, kimepokea kaya zilizohama kutoka Ngorongoro pamoja na mifugo yao, na kwa hiyo midomo inayotegemea malisho ya wilaya hiyo imeongezeka.

Korogwe, jirani yake wa kaskazini, ina sura nyingine. Humo unapita Mto Ruvu, ambao ramani huuita Pangani. Kuna mashamba ya katani ya miaka mingi, na huko Mombo kuna skimu ya umwagiliaji inayolima mpunga. Kwa ufupi, Handeni ina nyasi nyingi na maji machache, nayo Korogwe ina maji na mabaki mengi ya mazao. Tofauti hiyo ikumbukwe, kwani robota la hei ndilo linaloweza kuziunganisha wilaya hizi mbili kwa njia ya amani kuliko makundi ya ng'ombe yanavyoziunganisha hivi sasa.

Mvua huko ni za misimu miwili: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba. Baada ya masika nyasi husimama kifuani mwa mtu. Kufikia Septemba nyasi hizo hizo zimekuwa fimbo. Vuli ikikosekana, kama ilivyotokea mwaka 2021, ng'ombe hubaki na fimbo hizo mpaka Machi ya mwaka unaofuata. Katika ukame huo wa 2021 na 2022 wafugaji wa Simanjiro, wilaya iliyo magharibi ya Handeni, walipoteza mifugo kwa maelfu. Wengi wa ng'ombe waliokufa hawakufa kwa maradhi. Walikufa kwa njaa, katika nchi ambayo miezi michache nyuma ilikuwa na majani ambayo hakuna aliyeyakata.

KABLA YA KUFUNGA

Robota haliwezi kuwa bora kuliko majani yaliyotiwa ndani yake. Nyasi zinapoanza kutoa maua huwa na protini ya kiasi cha asilimia 10, pengine zaidi kidogo zikiwa katika ardhi nzuri. Zikiachwa mpaka zikauke zimesimama, kiwango hicho hushuka chini ya asilimia 5. Wataalamu wa lishe ya mifugo huitaja asilimia 7 kuwa ndiyo mpaka: chini ya hapo vijidudu vinavyosaga chakula katika tumbo la kwanza la ng'ombe hukosa riziki yao, usagaji huzorota, tumbo hukaa limejaa, na mnyama huacha kula ilhali bado ana njaa. Mfugaji huona ng'ombe amesimama mbele ya majani asiyale akadhani ameshiba.

Kwa sababu hiyo wakati wa kukata ni mwanzo wa maua. Hapa ndipo penye shida ya Handeni, kwa kuwa nyasi za masika hufikia hatua hiyo mvua zikiwa hazijakatika. Anayekata katikati ya Mei huhatarisha majani yake kunyeshewa yakiwa chini. Anayengoja Julai hupata majani makavu kwa usalama lakini yasiyo na nguvu. Wakati wa kufaa ni pale mvua zinapoanza kupungua, mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, na kukata kidogo kidogo kwa kiasi kinachoweza kukaushwa na kuingizwa ndani kwa siku mbili au tatu.

Majani yaliyokatwa hutandazwa na kugeuzwa mpaka unyevu ubaki baina ya asilimia 15 na 18. Asiye na kipimo anaweza kutumia chupa kavu yenye mdomo mpana na chumvi. Majani hukatwa vipande, hutiwa ndani ya chupa pamoja na kijiko cha chumvi kavu, na chupa hutikiswa kwa dakika chache. Chumvi ikishikana mabonge, majani bado ni mabichi. Ikibaki unga mkavu, majani yako tayari kufungwa.

Ipo hasara nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Sehemu kubwa ya protini imo katika jani, haimo katika bua. Jua la saa saba mchana hulifanya jani liwe jepesi kuvunjika, na anayegeuza au kufunga wakati huo huacha majani yake ardhini na kubeba mabua. Kazi hiyo hufaa asubuhi umande unapomalizika kutoka, au alasiri. Kwa hei iliyochanganywa na jamii ya kunde hasara huwa kubwa zaidi, maana majani ya kunde hupukutika upesi.

NJIA ZA KUFUNGA NA MATOKEO YAKE

Njia ya kale kuliko zote ni kutokufunga kabisa. Wamasai hutenga eneo la karibu na boma kwa ajili ya ndama, nalo huitwa olopololi. Wasukuma wana ngitili zao, ambazo ni malisho yaliyofungiwa kwa makusudi mpaka kiangazi. Desturi hizi zina hekima kubwa na gharama yake ni ndogo. Udhaifu wake ni kwamba majani yanayokaukia shambani huendelea kupoteza protini kila wiki, na moto mmoja wa kiangazi, ambao Handeni si jambo la ajabu, huweza kumaliza akiba yote kwa siku moja.

Njia ya pili ni kurundika majani makavu bila kuyafunga. Hufaa kwa mwenye ng'ombe wawili watatu na banda jirani na shamba. Majani hayo huchukua nafasi kubwa mno: mita moja ya ujazo hubeba kilo 50 hadi 70 tu. Chumba cha mita 30 za ujazo, ambacho si kidogo kwa mkulima wa kawaida, hakitapokea zaidi ya tani mbili na kidogo. Aidha, majani yaliyo huru hayapimiki. Mtoto anayetumwa kuwapa ng'ombe hukumbatia anachoweza, leo kingi na kesho kichache, na mwenye mali hajui akiba yake itaisha lini mpaka siku atakapoona sakafu.

Njia ya tatu ni sanduku, na hii ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa makini na mfugaji asiye na trekta. Ni sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa sentimita 55 na kina cha sentimita 45. Huwekwa juu ya ardhi iliyo sawa, kamba mbili hulazwa ndani ncha zake zikining'inia nje, majani hutiwa kwa matabaka na kukanyagwa kwa miguu, kisha kamba hufungwa kwa kukazwa na sanduku huinuliwa likaacha robota. Likikanyagwa vizuri robota hilo huwa na kilo 20 hivi. Asiye na mbao huchimba shimo la vipimo hivyo katika udongo mgumu, nalo hufanya kazi ile ile.

Ubora wa sanduku ni kwamba majani hukusanywa kwa mikono na kwa hiyo jani hubaki na bua lake. Hata magugu yenye sumu huonekana na kutupwa kabla hayajafungwa. Jambo hili la mwisho lina uzito. Ng'ombe aliyeko malishoni huchagua. Majani mabaya huyapita. Yakishakaushwa na kubanwa pamoja na mazuri, harufu na ladha zake hupungua na mnyama huyala bila ya kutambua. Kasoro ya sanduku ni uchovu wa mtu. Robota la asubuhi lililokanyagwa na vijana wenye nguvu huwa na kilo 20, la saa tisa alasiri huwa na kilo 12, na yote mawili yana ukubwa mmoja kwa macho.

Njia ya nne ni mashine ndogo inayovutwa na trekta, ambayo hutoa marobota ya pembe nne. Shamba la Serikali la Vikuge, wilayani Kibaha, limejulikana kwa miaka mingi kwa uzalishaji wa hei ya namna hii na mbegu za malisho. Mashine hubana zaidi kuliko mguu: mahali panapoingia kilo 95 za marobota ya sanduku huweza kuingia kilo 130 za marobota ya mashine. Katika lori linalotoka Handeni kwenda Tanga mjini, tofauti hiyo ni fedha taslimu. Lakini mkazo huo huo huwa adhabu iwapo majani yalikuwa na unyevu. Ndani ya robota lililobanwa hewa haipiti, ukungu huota, joto hupanda, na marobota yaliyopangwa juu ya mengine huweza kuwaka moto yenyewe wiki mbili au zaidi baada ya kuingizwa ghalani. Mwenye ghala achomeke ufito wa chuma katikati ya rundo, auache kwa robo saa, kisha aushike. Ukiwa wa moto kiasi cha mkono kutostahimili, marobota yafumuliwe na kutolewa nje bila ya kuchelewa, na maji yawe karibu.

Ukungu huo, hata usipofikia moto, huharibu lishe kwa namna mbili. Kwanza, joto hufunga protini ikawa haisagiki tena tumboni. Hei huwa na rangi ya tumbaku na harufu ya sukari iliyoungua, na ng'ombe pengine huipenda, lakini haiwajengi. Pili, vumbi la ukungu huwakohoza wanyama na watu, na sumu zake zaweza kumfanya ng'ombe mwenye mimba aitupe. Hei ya ukungu haifai kuchanganywa na nzuri ili ipate kuisha. Ni hasara iliyokwisha kutokea, nayo ifanywe mbolea.

Yako pia marobota makubwa ya mviringo, yenye uzito wa kilo 250 hadi 500 au zaidi, yanayotokana na mashine iliyobuniwa na Gary Vermeer wa Iowa, Marekani, mwaka 1971. Huko yaliletwa ili mtu mmoja mwenye trekta aweze kufanya kazi ya watu wengi. Kwa ranchi yenye trekta la kuyanyanyua yana maana. Kwa mfugaji wa kijiji ni mzigo asioweza kuusogeza. Wengi huyaacha nje kwa kuamini kuwa umbo la mviringo humwaga maji ya mvua. Hesabu hii itazamwe: robota la kipenyo cha mita moja na nusu likioza sentimita 15 tu kuelekea ndani, sehemu iliyooza ni zaidi ya theluthi ya robota zima. Mwenye kuliangalia kwa mbali huona ganda jembamba tu.

KAMBA

Korogwe na kamba ya hei ni majirani wa zamani, ingawa wengi hawajui. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche ya katani kutoka Florida, na miche 62 tu kati ya 1,000 ndiyo iliyonusurika safari na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na mwanzo huo mashamba yalienea bonde zima la Ruvu na reli ya Tanga, na kufikia mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000 za singa kwa mwaka. Sehemu kubwa ya singa hizo ilisokotwa kamba za mashambani huko Ulaya na Marekani, na kazi kubwa ya kamba hizo ilikuwa ni kufunga marobota ya hei. Ng'ombe wa nchi za mbali walikula hei iliyofungwa kwa jasho la Korogwe na Muheza, huku ng'ombe wa Handeni, mwendo wa saa chache kutoka penye katani, wakila nyasi zilizokauka zimesimama. Kisha ikaja kamba ya plastiki, iliyo rahisi na isiyooza, na bei ya katani ikaanguka.

Sasa plastiki hiyo hiyo imerudi ikiwa imefunga marobota yanayouzwa kwa wafugaji. Kuhusu lishe, tofauti ya kamba hizi mbili si ndogo. Ng'ombe hatafuni kwa uangalifu. Humeza kwanza, akacheua baadaye. Kipande cha kamba ya katani kikimezwa ni mmea kama mmea mwingine, na tumbo hukilainisha na kukivunja taratibu. Kipande cha plastiki hakivunjiki. Hukaa katika tumbo la kwanza, hujikunja na vipande vya siku nyingine, na mwisho huwa bonge linaloziba njia ya chakula. Mnyama hukonda akiwa na tumbo lililotuna, na mchinjaji ndiye anayegundua sababu. Wazanzibari, ambao mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku kwao tangu mwaka 2006, wanalijua bonge hilo kutokana na machinjio.

Waya ni mbaya zaidi. Kipande kifupi cha waya huzama katika tumbo dogo lililo jirani na moyo, na misuli inapojikaza hukisukuma mpaka kikatoboa. Ng'ombe wa namna hiyo husimama mgongo ukiwa umepinda, hukataa kuteremka mlima, na dawa haimsaidii.

Kwa vyovyote vile, kamba ikatwe penye fundo, ivutwe nzima na kutundikwa ukutani kabla ya majani kutiwa horini. Anayehesabu kamba zilizotundikwa huwa pia amehesabu marobota yaliyoliwa, na kwa njia hiyo hupata daftari lisilohitaji kalamu.

HESABU YA MFUGAJI

Ng'ombe mmoja wa kilo 250 hula kwa siku chakula kikavu cha kiasi cha asilimia 2.5 ya uzito wake, yaani kilo 6 na robo. Kwa kuwa hei bado ina unyevu kidogo, hiyo ni sawa na kilo 7 na theluthi moja za hei. Kwa siku 90 za kiangazi atahitaji kilo 660, ambazo ni marobota 33 ya kilo 20. Ikiwa marobota hayo yana kilo 12, atahitaji 55.

Mfugaji mwenye ng'ombe 20 aliyenunua marobota 660 akiamini kuwa ni ya kilo 20, kumbe ni ya kilo 12, atafika siku ya 54 ghala likiwa tupu. Siku 36 zilizobaki ndizo ngumu kuliko zote, bei ya hei imepanda, na ng'ombe watapelekwa mnadani katika wiki ambayo kila mtu anauza. Hapo ndipo tajiri wa mnada wa Pugu, au wakala anayekusanya mifugo ya kuvusha, hununua kwa bei anayoitaka yeye. Wananchi wamezoea kulalamikia lumbesa, ile gunia iliyojazwa kupita mdomo wake, ambayo mkulima hupunjwa na mnunuzi. Robota lililolegea ni lumbesa iliyogeuzwa: mnunuzi hupunjwa, naye hulipa akishukuru kwa kuwa marobota ni mengi.

Dawa ya hili ni mizani. Katika kila marobota kumi, moja lichaguliwe na mnunuzi mwenyewe na lipimwe, na bei ifuate kilo. Muuzaji mwadilifu hana cha kupoteza, bali hupata, kwani robota lake la kilo 20 kwa sasa huuzwa bei moja na la jirani yake la kilo 12.

Hesabu hiyo haijagusa kinachopotea wakati wa kulisha. Hei inayomwagwa chini hukanyagwa na kukojolewa, na ng'ombe hatakula alichokikojolea. Ikipotea sehemu moja tu katika kila tano, marobota 33 hayatoshi tena na itabidi yawe 42. Hori la mbao, au hata pipa lililopasuliwa, hujilipa lenyewe katika kiangazi kimoja. Marobota ya sanduku mara nyingi huwa na mabua marefu, ambayo ng'ombe huyavuta nje ya hori na kuyaangusha. Kuyakatakata kwa panga hupunguza hasara hiyo kwa kiasi kikubwa.

Ieleweke pia kwamba hei peke yake, hata iliyo nzuri, kwa kawaida humshikilia ng'ombe asikonde. Haimnenepeshi kwa kasi ya soko. Anayetaka kunenepesha maksai kwa miezi mitatu aongeze mashudu ya pamba au ya alizeti, pumba, na majani ya lusina pale yanapopatikana, pamoja na jiwe la chumvi. Mabua ya mpunga ya Mombo hufungika marobota kwa urahisi na huwa mengi baada ya mavuno, lakini protini yake iko chini sana ya ule mpaka wa asilimia 7. Kuyalisha bila ya nyongeza ni kujaza tumbo tu. Kuyatia urea huyaboresha, lakini urea ikizidi huua, kwa hiyo kazi hiyo ifanywe chini ya maelekezo ya ofisa mifugo na si kwa kukisia.

MAJI

Ng'ombe anayekula majani mabichi hupata sehemu ya maji yake humo. Anayekula hei lazima anywe: kiasi cha lita 4 kwa kila kilo ya chakula kikavu, na zaidi siku za joto. Kwa ng'ombe wa mfano uliotajwa ni lita 25 au zaidi kila siku. Akinyweshwa kila baada ya siku mbili, hupunguza kula, na hei iliyogharimiwa hubaki horini.

Huko Handeni hili ndilo fundo la mambo yote. Wilaya imetegemea kwa miaka mingi malambo, na mradi wa maji unaojulikana kwa herufi HTM, unaovuta maji ya Mto Ruvu kutoka upande wa Korogwe. Lambo likikauka ng'ombe huhamishwa kuelekea mtoni, na njiani kuna mahindi na mpunga wa watu. Ugomvi baina ya wakulima na wafugaji, unaotajwa kila kiangazi, aghalabu huanza kwa mnyama mwenye kiu anayepita karibu na jani bichi.

Robota hubadilisha mpango huo. Nyasi za Handeni zilizokatwa Juni na kufungwa zinaweza kupelekwa kwa gari mahali penye maji ya uhakika, ng'ombe wakakaa mahali pamoja, wakala na kunywa bila ya kutembea kilomita nyingi kila siku. Nyama inayotumika kwa kutembea haifiki buchani. Vivyo hivyo marobota ya mabua ya Korogwe yaweza kupanda Handeni badala ya ng'ombe wa Handeni kuteremka Korogwe. Kwa ufungaji wa sanduku, ambao robota lake hubebwa na mtu mmoja au kwa gari la ng'ombe, mpango huu hauhitaji mtaji wa kampuni. Unahitaji kundi la watu walio tayari kukata majani wakati ambapo bado yanaonekana hayana thamani. Kwa upande wa sheria, Tanzania Bara ina Sheria ya Nyanda za Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo Na. 13 ya mwaka 2010, na vijiji vyenye mpango wa matumizi ya ardhi vinaweza kutenga maeneo ya kukata hei kama vinavyotenga ya kuchungia.

KWA WAFUGAJI NA WAFANYABIASHARA WA VISIWANI

Unguja na Pemba hazina mbuga, lakini zina majani mengi baada ya masika katika mashamba ya minazi, kandokando ya barabara na katika viwanja vya Serikali, na mengi hukatwa na kuchomwa moto. Sanduku la vipimo vilivyotajwa hutengenezwa na fundi seremala yeyote kwa mbao chache. Unyevu wa hewa ya visiwani ni mkubwa kuliko wa Handeni, kwa hiyo hei iliyokaushwa vizuri huweza kuvuta maji tena ikiwa imewekwa. Marobota yapangwe juu ya magogo, yasigusane na ukuta, na paa lisivuje.

Wanaoagiza hei kutoka bara wazingatie mambo ambayo hayapo katika risiti: uzito, aina ya kamba, na usafi. Hei husafirisha mbegu za magugu bila ya kujulikana, na bara kuna gugu-karoti, ambalo limeenea sehemu za Arusha, hudhuru malisho, na huwasha ngozi za watu na wanyama. Robota lenye mabua ya maua meupe madogo yasiyotambulika lisifunguliwe shambani. Lipelekwe kwa ofisa kilimo au ofisa mifugo wa wilaya likiwa limefungwa hivyo hivyo.

Kuingiza mifugo, majani na vyakula vya mifugo kunafuata sheria za Zanzibar za ulinzi wa mimea na wa wanyama. Mwagizaji anatakiwa aonane na maofisa wanaohusika kabla ya mzigo kupakiwa chomboni, si baada ya kushushwa. Marobota yakaguliwe bandarini yakiwa makavu. Yaliyoloa kwa maji ya bahari yatengwe mbali na mengine siku ile ile, na yasiingizwe ghalani kwa matumaini ya kuja kukauka.